Ukuta wa Uani kwa Bi Amne

Jumapili, 4 Mei
Aibu! Mwalimu Benadeta, anayetufundisha kwaya, kampa Kastuli solo ya wimbo wa kuta za Yeriko. Wimbo wangu! Nimeutunga mimi, mpaka ule mdundo wa miguu ukuta unapoanguka. Eti sauti yangu inafaa nyuma. Nyuma wapi? Nyuma ya spika? Nimerudi nyumbani Mlandege nikalala bila kula.

Jumanne, 6 Mei
Nimempelekea Kastuli juisi ya ukwaju, barafu tupu, imharibu koo. Kanywa, kashukuru, kaomba nyengine. Jioni mazoezini kaimba mpaka kina mama wakalia. Roho imeniuma.
Basi, njia nyengine. Jumamosi tunarikodi video na kwaya haina pahala. Mie ninapo. Mwenye pahala ndiye mwenye solo!

Jumatano, 7 Mei
Nimekwenda kwa jirani yangu, Bi Amne. Uani kwake mna ukuta wa mawe na chokaa, umepasuka juu mpaka chini. Yeriko yenyewe! Nimempa shikamoo ya heshima zote. Kaitikia marahaba, kasema tuimbe tu, sisi si wageni, ila ngoma zinyamaze ikiadhiniwa. Na boriti inayoutegemeza ukuta isiguswe. Jiko na chumba chake vimeshikana na ukuta huo. Ukianguka, wakaguzi wa majengo watamtoa. Kazaliwa chumba kile, mumewe kafia mle, naye anataka atoke mle kwa jeneza tu. Nimemwapia. Machozi yalimlenga. Hata mimi, kidogo.
Mwalimu kakubali: solo nusu yangu, nusu ya Kastuli.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua kutwa. Nimeupiga picha ule ukuta kwa simu nione utakavyotoka. Ile boriti! Imekaa katikati, pale pale pa kusimama mimi. Yeriko gani ilikuwa na boriti?

Jumamosi, 10 Mei
Bi Amne alikwenda sokoni Darajani. Nimeichomoa. Ukuta haukutikisika. Wazee nao kwa kuogopa!
Kwaya ikaja, spika zikawekwa. Kastuli kasimama pahala pangu! Eti pana mwanga. Nimenuna. Tulipofika penye mdundo, nimepiga miguu kuliko wote, kwa hasira.
Mungu wangu! Ukuta umeshuka na jiko zima. Kastuli kavunjika mguu. Bi Amne karudi na kikapu chake, kasimama mlangoni. Halafu kaniuliza, mie peke yangu, boriti iko wapi. Nimemwambia ni mvua.

Jumatano, 14 Mei
Wakaguzi wametia alama nyekundu mlangoni. Bi Amne katiwa kwenye gari na mpwa wake, Thuwaiba, akaishi kwake Kizimbani. Aliomba aingie ndani mara moja akiage chumba chake. Wamemkatalia, eti hatari. Nimelia, haki ya Mungu. Mie ndiye niliyembebea godoro.
Video inatazamwa hasa! Watu wanaandika kuwa huo ndio ushindi wa kiroho, wimbo umeangusha ukuta kweli. Sikuona haja ya kuwasahihisha. Kastuli yuko kitandani, solo zote zangu.

Jumapili, 25 Mei
Nimekwenda Kizimbani kumtazama Bi Amne. Kakonda, masikini. Nyumba ya Thuwaiba ndogo, kwa hivyo analala jikoni. Kanishika mkono, kaniuliza lini atarudishwa kwake. Nikatazama juu machozi yasinitoke.
Paa la makuti. Makavu kwa moshi, na chini yake moto unawaka. Nikawakumbuka wale vijana wa kitabu cha Danieli, waliotupwa kwenye tanuri wakatoka wazima. Lo! Wimbo ukanijia wote, na mdundo wake. Nimemwomba Bi Amne, kwa heshima zote, Jumamosi tuje na spika. Kauachia mkono wangu. Nimemwahidi moto tutauwasha mdogo.