Mbuzi Thelathini na Mmoja wa Kombe la Mialo

Treni ilifika Jumatano, na gazeti la Jumapili likafika nayo. Mwenzetu Jumanne, ambaye anapakua mizigo stesheni na tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alilileta kijiweni likiwa limefungiwa viatu vya mtu.

Kijiwe chetu kiko Ujiji, kwenye baraza la cherehani la Mzee Gharib. Kinaitwa Baraza la Usalama. Kina benchi moja refu, jiko la Bi Fatu la kahawa na vitumbua, na kiti kimoja cha basi bovu, chenye sponji, ambacho kila mtu anataka kukikalia. Bi Fatu ni shangazi yangu. Mimi nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, kazi yangu pale ni kuosha vikombe na kuandika chochote kinachobishaniwa.

"Sikilizeni dunia ilipofika," Redio akasema, akinyoosha gazeti juu ya goti. "Huko Marekani kuna watu wanachukua wachezaji wa besiboli, wanawapanga kwa nyota za kuzaliwa. Simba kwa Simba, Nge kwa Nge. Halafu wewe uliyekaa nyumbani unasema, mimi timu yangu ni Nge wote. Wakicheza vizuri huko waliko, wewe unapata pointi."

"Umewasajili?" akauliza Onesmo.

"Kwenye karatasi."

"Wenyewe wanajua?"

"Hawana habari."

"Basi huo ni usajili batili." Onesmo ni katibu msaidizi wa Kombe la Mialo, mashindano ya mpira wa miguu ya kandokando ya ziwa, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua. Aliwahi kuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo kwa miezi minne, na tangu hapo tunamwita Sheria.

Bi Fatu aligeuza vitumbua. "Besiboli ndiyo nini?"

"Mpira wa rungu, dada. Unarushiwa kipira, unakipiga kwa rungu, unatupa rungu, unatimua mbio."

"Unamkimbia nani?"

"Humkimbii mtu. Unazunguka kiwanja, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka unarudi ulipoanzia. Hapo panaitwa nyumbani."

"Yaani mtu mzima anahangaika kote huko ili arudi alikotoka?"

"Ndiyo. Akifika nyumbani anahesabiwa pointi."

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa Dismasi, fundi wa mitumbwi, vumbi la randa likiwa bado kwenye nyusi. Yeye ni kipa wa timu yetu ya Ujiji. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa kijana mdogo wakati wa vita, akapitia kambini, na sasa anakaa mjini kwa kibali. Ni mtu wa maneno machache. Siku ile akasema, "Huo mchezo naupenda."

Bi Fatu alimwongezea kahawa bila kuombwa.

Mzee Gharib alisimamisha cherehani. Anashona kanzu, lakini anachojivunia ni nyota. Hakuna mteja anayechukua nguo bila kuambiwa siku njema ya kuivaa. Jina lake kijiweni ni Falaki. "Na sisi tucheze," akasema. "Kombe la Mialo linaanza Jumamosi. Ujiji, Bangwe, Gungu, Ilagala. Kila mmoja wetu achague nyota moja, wachezaji wa nyota hiyo ndiyo timu yake. Goli pointi tatu, kipa akidaka penalti pointi tano. Mshindi anakalia kiti cha basi mpaka Ramadhani."

Kwa kiti kile watu wangekubali hata kucheza hiyo besiboli yenyewe.

"Mimi nachukua Mizani," Sheria akasema kabla kikombe hakijatua. "Nyota ya haki."

"Mimi Simba," akasema Bi Fatu.

"Kondoo," akasema Redio.

"Kondoo? Mdomo wote huo, Kondoo?" akauliza Sheria.

"Kondoo ndiye wa kwanza kwenye orodha. Habari yoyote mimi huwa wa kwanza."

Falaki alifumba macho, akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Nimepiga hesabu ya jina langu na la marehemu mama, nimegawa kwa kumi na mbili, imebaki kumi. Nyota ya kumi ni Mbuzi. Nachukua Mbuzi."

Redio alimpigia makofi ya kejeli. "Mzee wetu amekwenda mnadani."

Sheria alikuwa na daftari la usajili wa mashindano, wachezaji themanini na wanane, kila mmoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Alisoma, mimi nikaandika kwenye ubavu wa boksi la sabuni. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha ikaanza kwenda upande mmoja.

"Antoni wa Ilagala, moja Januari. Mbuzi. Kaka yake Martini, moja Januari. Mbuzi. Oswald wa Bangwe, moja Januari."

"Mbuzi," Falaki akaitikia kama mtu anayeitikia dua.

"Dismasi wa Ujiji, moja Januari."

"Mbuzi. Karibu nyumbani, mwanangu."

Tulipomaliza, Mizani walikuwa wanne, Kondoo watano, Simba sita. Mbuzi walikuwa thelathini na wawili, na thelathini na mmoja kati yao walizaliwa siku moja.

Redio alisimama. "Siku hiyo wakunga walikula saa ngapi?"

"Nyota haina makosa," akasema Falaki, ambaye tayari alikuwa amehamia kwenye kiti cha basi, kukijaribu.

"Mzee, toka kwenye kiti," Redio akasema. "Antoni na Martini ni mtu na kaka yake, wamepishana miaka miwili, wote moja Januari. Mama yao anazaa kwa kalenda ya serikali?"

Dismasi alikohoa. "Ni karani," akasema. "Pale tulipoandikishwa. Ukisema hujui tarehe, anaandika moja Januari. Mbele yangu kwenye foleni moja Januari, nyuma yangu moja Januari. Kulikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake, wakatoka pale wote moja Januari."

"Si wakimbizi peke yao," Bi Fatu akasema. "Wenyeji pia wamo humu. Watu wanazaliwa msimu wa samaki wa migebuka, karani anataka tarehe."

Sheria alifunga daftari. Niliona anaanza kunyoosha kola, nikajua kuna hukumu. "Hizi si tarehe za kuzaliwa, ni tarehe za ofisi. Ofisi haina nyota. Kwa hiyo wote thelathini na mmoja wanatolewa kwenye mchezo."

"Ninabaki na nani?" akauliza Falaki.

"Na yule wa akiba wa Gungu. Ishirini na nane Disemba."

"Yule aliyeteguka mguu?"

"Ndiye Mbuzi halali."

Nikaambiwa nikate majina. Nilikata taratibu. Nilipofika kwa Dismasi alikuwa ananitazama mkono.

"Dada, mimi unanikata na mimi?"

Sheria alijibu badala yangu. "Hujafukuzwa, Kipa. Jumamosi utadaka kama kawaida. Ila hapa kwenye boksi huhesabiwi."

"Kwa kuwa sina siku."

"Kwa kuwa siku yako ni ya karani."

"Lakini nimezaliwa," akasema Dismasi. "Nipo hapa nakunywa kahawa." Alisema kwa tabasamu, ila kikombe alikiweka chini kikiwa bado kimejaa.

Bi Fatu alishika kijiti cha kugeuzia vitumbua kama fimbo. "Onesmo, wewe umezaliwa lini?"

"Mimi si mchezaji."

"Nimekuuliza lini."

Sheria alitazama barabarani. "Moja Julai."

"Nani alikuandika?"

"Mwalimu mkuu. Siku ya kuanza shule."

Redio alilala kwenye benchi kwa kucheka. "Hakimu wa ofisi. Na wewe huna nyota, una muhuri."

"Hoja iko palepale," akasema Sheria, masikio yakiwa mekundu kwa kadiri masikio ya Ujiji yanavyoweza.

Hapo wakaanza kumgombea Dismasi, maana msimu uliopita alidaka penalti mbili za Ilagala kwa dakika nne, na pointi kumi hazilali chini. Redio alidai ni Kondoo: sikukuu ya Mtakatifu Dismasi ni ishirini na tano Machi, na Wakatoliki humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa. Bi Fatu alisema anavyoruka ni Simba, hata kipofu angeona. Falaki alisema mbuzi naye anaruka, na tena anatua kwa miguu.

"Muulizeni mama yake," nikasema.

Wote waligeuka. Nadhani hawakuwahi kunisikia nikitoa hoja.

Dismasi alitikisa kichwa. "Mama hapendi kuulizwa mambo ya ng'ambo. Tulivuka kwa mitumbwi tofauti. Tulipoandikishwa sisi wa mtumbwi wa kwanza, yeye alikuwa hajafika; alitupata baada ya mwaka. Tangu hapo sijamuuliza kitu."

"Hata hili?"

"Naanzia wapi? Na kama hakumbuki?"

Ilikuwa saa ya kuleta mawese, na Mama Verediana, mama yake Dismasi, hachelewi. Alikuja na dumu lake kichwani, akalitua karibu na jiko, tukamwamkia shikamoo kwa pamoja, kwa sauti ya watu wenye jambo. Alitutazama mmoja mmoja.

"Muna nini? Mutoto amefanya nini?"

Falaki, Redio na Sheria, ambao siku nzima hakuna aliyeweza kuwanyamazisha, walianza kukagua vidole vyao vya miguu. Ikabidi Dismasi mwenyewe.

"Mama, nilizaliwa siku gani?"

Mama Verediana alikaa juu ya dumu. Akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Nilijuta kusema neno.

"Miaka yote hii nilingoja uniulize," akasema. "Ulizaliwa siku ya bonane."

"Bonane mwezi gani?" akauliza Redio.

"Bonane ni bonane. Mwaka mupya. Tarehe moja ya mwezi wa kwanza, kengele ya misa inalia. Baba yako alikuwa amevaa shati mupya, la kijani, akanibebea maji amelivaa mpaka likachakaa siku ileile. Nyumba yetu ilikuwa na mulango unaotazama ziwa. Majirani walikuja na pombe ya ndizi kwa sababu ya sikukuu, wakakuta kuna mutoto, wakarudi kwao kuleta ingine. Ulikuwa na kichwa kikubwa. Walisema huyu hata mulango atauziba."

Dismasi alikuwa ameinamisha hicho kichwa. Vumbi la randa lilikuwa limelowa chini ya jicho moja. Hakuna aliyemtazama sana.

Redio, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akasema, "Sheria, andika. Kipa amefika nyumbani. Pointi moja."

"Kwa hiyo karani alipatia?" akauliza Bi Fatu.

"Kwa watu thelathini na mmoja, alipatia mmoja," akasema Falaki, akirudi kwenye kiti cha basi. "Mbuzi halisi. Mwalimu, mrudishe kijana wangu."

Nilimwandika upya, kwa herufi kubwa.

"Na hawa thelathini?" Mama Verediana aliliona boksi na majina yaliyokatwa. Tukamweleza. Alisikiliza habari ya karani, foleni, bibi na mjukuu wake, bila kucheka.

"Hawana siku kabisa?"

"Hawana, mama."

"Basi waandikeni pamoja naye. Pombe ya siku ile ilitosha watu wote."

Falaki aliinua mikono juu kama aliyefunga goli. Redio alilalamika kwamba mashindano yamekwisha kabla ya kuanza, huyu mzee ana kijiji kizima. Bi Fatu alisema hewala, ila Jumamosi mwenye kijiji alete sukari ya kijiji. Mimi nikaanza kurudisha majina, Antoni, Martini, Oswald, na ubavu wa boksi ukaisha, nikageuza upande wa pili.

Watu walianza kuinuka. Dismasi alimbebea mama yake dumu tupu. Walikuwa wamefika kwenye kona ya soko Sheria alipowakimbilia, daftari kwapani, akanyoosha kola.

"Samahani, mama. Wa moja Julai je?"

Mama Verediana alimpima kutoka juu hadi chini.

"Mwezi wa saba hatukuwa na sherehe," akasema. "Lakini wewe njoo tu."