Geti la Njia ya Korongoni

Jumatano, 9 Julai

Vumbi. Nzi. Wageni wawili tu leo, na wote wawili walitaka choo.

Tully amelisema mezani, macho kwenye sahani. Mwezi huu ukiisha bila watu wa kuwapeleka Dimbwi la Harriet, anauza boti yake na kwenda migodini huko magharibi. Nikamwambia mwanangu, huko watu wanafukiwa. Akasema, "Mama, nitaendesha lori tu." Nikamwambia malori nayo hupinduka. Col, baba yake, akaomba apewe chumvi. Mtoto anaondoka, yeye anataka chumvi!

Ubaya wote ni Colley. Mji ule hauna kitu ila Korongo Jekundu na mkahawa wa Glenys. Wastaafu wanapita hapa kwetu Pannikin na vyumba vyao vya kukokotwa nyuma ya gari, wananiinulia kidole kimoja juu ya usukani kunisalimu, haooo, kwa Glenys kula skonzi. Sisi tuna dimbwi lisilokauka, tuna ndege pelikani, tuna mikaratusi myeupe kama mifupa. Nani anajua? Mimi najua.

Sitaki aende. Nimeandika hapa ili nisilisemeseme.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetandika meza kando ya barabara kuu. Skonzi zangu, jamu ya matunda ya porini, kibao: CHAI BURE, DIMBWI KARIBU. Upepo ukachukua kibao. Kisha likapita lori refu la ng'ombe. Meza, chai, skonzi, mimi, vyote vyekundu kwa vumbi.

Akasimama mzee mmoja wa Melbourne. Aliuma skonzi, akaiangalia, akaniuliza kwa adabu kama ni za mbwa. Halafu akauliza njia ya kwenda kwa Glenys. Nikamwonyesha. Ningefanyaje, alikuwa anakohoa. Nikampa na dawa yangu ya kikohozi, chupa nzima.

Jioni Glenys akapiga simu. Eti amesikia nimeingia kwenye biashara. "Hongera, shoga! Ukitaka nikufundishe kukanda unga, wewe sema tu." Nikamshukuru. Nikaibamiza simu mpaka Col akaamka kitini.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata!

Nimelipata kanisani, kwa hiyo nadhani si jambo baya. Mchungaji alikuwa anasoma habari za mlango mwembamba, mimi nikafikiria geti. Njia ya kwenda Korongoni inakatiza ranchi ya Mzee Haddow, na pale kuna geti. Siku zote liko wazi. Msafiri akilikuta limefungwa, atadhani njia imefungwa. Atageuza. Na akigeuza, mji wa kwanza ni Pannikin, na Pannikin yuko Tully na boti yake. Sijasema uongo wowote. Nimefunga geti tu. Geti si kazi yake kufungwa?

Nilikwenda baada ya chakula. Mnyororo nimeuzungusha na kuuzungusha. Hakuna aliyeniona ila ng'ombe. Walinitazama sana.

Jumanne, 15 Julai

Nimejibanza nyuma ya kichaka, naokota kuni za uongo. Gari la kwanza likasimama. Moyo puu! Akashuka mama mmoja, akafungua mnyororo, mumewe akapita, akaurudisha mnyororo vile vile nilivyouzungusha mimi, akakung'uta mikono, wakaenda zao Colley. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa la mume wangu mwenyewe, anapeleka mabomba. Akafungua, akapita, akafunga!

Ndiyo sheria ya huku, mtoto huijua kabla hajajua kufunga viatu: geti ukilikuta wazi liache wazi, ukilikuta limefungwa lifunge. Lakini watu wa Melbourne nao! Nani amewafundisha?

Jioni nikamuuliza Col, kwa ujanja, kama ameona kitu njiani. Akasema geti la Haddow limefungwa, bila shaka Haddow ana sababu zake. Nikasema basi si umpigie umuulize. Akashangaa. Akasema mwanamume hamuulizi mwenzake habari za geti lake.

Nimewaza niende nikalifungue. Lakini na mimi leo nimelikuta limefungwa.

Alhamisi, 17 Julai

Balaa. Balaa tupu.

Kumbe geti lile huachwa wazi ili ng'ombe wapite kwenda kunywa, birika lao liko upande wa pili chini ya kinu cha upepo. Wameona kiu, wakausukuma ua wa nyuma ukalala chini, wakafuata pua zao. Mpaka wapi? Mpaka Dimbwi la Harriet! Kundi zima. Maji yamekuwa uji. Pelikani hata mmoja hayupo.

Na leo hii ndipo Tully alipokuwa amepata wageni. Mke na mume wa Adelaide, kamera ndefu kama mkono. Walikuja kupiga picha ndege, wakapiga picha ng'ombe aliyezama kwenye tope hadi tumboni. Tully akavua viatu akaingia. Akamfunga kamba taratibu, akamvuta kwa pikapu, huku anamsemesha kama mtoto mchanga. Amerudi na tope hadi kwenye nyusi. Hakula. Amesema kesho anamwita mnunuzi wa boti.

Halafu Mzee Haddow akatokea mlango wa jikoni, kofia mkononi. Anauliza nani amefunga geti lake. Nikasema labda ni watu wa Melbourne. Akasema, "Mama Tully, wale huurudisha mnyororo walivyoukuta. Huu uliviringwa na mtu mwenye hasira." Col akanitazama, kisha akaendelea kutafuna.

Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumamosi, 19 Julai

Haendi! Haendi migodini!

Haddow amekuja tena. Amesema ameona vijana wengi wakivunja miguu ya ng'ombe kwa kuwavuta, lakini yule wa kwenye tope, Tully hakumchubua hata ngozi. Anamtaka ranchini. Ua, visima, kukusanya ng'ombe. Na dimbwi likitulia, apeleke wageni wake siku za mapumziko. Nikamkumbatia Haddow mpaka akapiga chafya. Glenys ameleta skonzi za pongezi. Nimekula nne, kuzichunguza tu.

Tatizo ni moja. Atalala huko huko na wafanyakazi. Ni mwendo wa saa nzima na kila mahali makorongo! Nikamuuliza atakula nini. Akasema, "Mama, mpishi yupo." Mpishi! Huyo ni Mervyn. Mervyn huchemsha nyama mpaka inasahau ilikuwa mnyama gani.

Nimefikiri sana leo. Mervyn ana goti bovu. Mtu wa goti kama lile hafai kusimama jikoni, anafaa kukaa pwani kwa dada yake, ainue mguu juu ya mto. Hajapata tu mtu wa kumwambia. Namba ya dada yake ninayo. Kesho nampelekea keki, nimshauri kwa upole, nimsaidie na kufunga mizigo.

Na ranchi haiwezi kukaa bila mpishi. Visu vyangu vya jikoni nimeshavinoa, viko kwenye kikapu karibu na mlango.