Tangi Langu Linanukia Ndimu

Jumatatu, 6 Mei
Dunia haina haki! Mwaka wa tatu nasomea uhandisi wa mazingira, leo nimekabidhiwa tangi la maji machafu nililee kama kichanga. Ndani mna tope lenye vijidudu. Mhadhiri kasema vijidudu hivyo hula uchafu, maji yakatoka safi. Kazi yetu ni kuvipa hewa na kutoviua. Ijumaa anapima. Maji yakiwa machafu, unarudia mwaka. Kurudia! Na shangazi, anayenisomesha, ameshawatangazia majirani kuwa mimi ni mhandisi tayari. Nani alimwambia? Mimi. Lakini sikumtuma atangaze!

Jumanne, 7 Mei
Maji ya jirani yangu wa maabara yameanza kung'aa. Ni yule dada tunayemwita Kipimo, kwa kuwa hupima hata sukari ya chai. Tangi langu linanuka. Nikajishusha, nikamuuliza siri. Akasema bomba langu la hewa limeziba, nilizibue. Siri gani hiyo? Roho mbaya tu!

Jumatano, 8 Mei
Akili ni mali! Stoo ya usafi nimekuta dawa ya kudekia, harufu ya ndimu. Nikamimina kifuniko kimoja kwenye tangi. Maabara nzima ikanukia. Kipimo akaja mbio kuuliza nimetia nini. Nikamwambia aangalie lake. Akasema nimeua. Nimeua nani? Wivu huo! Nikaongeza kifuniko cha pili mbele ya macho yake, ajue mimi si wa kutishwa.

Alhamisi, 9 Mei
Povu limefurika hadi sakafuni. Povu jeupe, safi kabisa. Nikampigia shangazi kumweleza mambo yamenyooka. Akasema basi kesho anakuja kujionea. Ulimi hauna mfupa: nikamwambia karibu sana.

Ijumaa, 10 Mei
Aibu! Shangazi kaja kajipamba kama anakwenda harusini. Mhadhiri kafunua tangi langu, kanusa, kakohoa. Akaweka tone chini ya hadubini, akaniambia nichungulie. Hakuna kilichotikisika. Akasema hayo ni makaburi. Shangazi akashtuka, akauliza nani kafa. Kipimo akamwamkia kwanza, shikamoo shangazi, halafu akamjulisha kwamba wamekufa wote.

Shangazi hakupiga kelele. Aliniuliza polepole majirani atawaambia nini. Nikatamani ardhi ipasuke. Iliniuma, sitaki kusema uongo humu.

Lakini kosa ni la nani? Chupa imeandikwa inaua vijidudu. Haikuandikwa inaua vijidudu vya mhadhiri! Ningejuaje kuwa ni hivyo hivyo? Watengenezaji hawana huruma.

Shangazi akamsihi mhadhiri mpaka sauti ikamkauka. Nimepewa wiki moja. Ya mwisho. Kipimo kakubali kunigawia tope lake, na akanisihi mbele ya watu nisilitie dawa. Mbele ya watu! Kama mimi mtoto!

Jumamosi, 11 Mei
Nimeapa mbele ya shangazi: katika tope hili sitii dawa hata tone. Na sikutia. Mimi ni mtu wa ahadi.

Ila wageni hawaingizwi katika nyumba chafu. Kabla ya kumimina tope jipya nimelisugua tangi kwa ile dawa, chupa nzima, na sikulisuuza, harufu isipotee. Ijumaa Kipimo atajua hajui.