Shavu la Kushoto la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe ametangaza! Mgongo umechoka, macho yanamsumbua, anaiachia saluni. Kinyozi kwa miaka arobaini na mbili! Wakwe zake wanaume tuko wawili tu: mimi na mume wa shemeji yangu, ambaye humu daftarini nitamwita Asali, kwa sababu ya ulimi wake. Jumapili mzee atakaa kitini hapa kwangu, na kila mkwe atamnyoa shavu moja. Asali kapewa la kulia. Mimi la kushoto. Atakayemridhisha anakabidhiwa funguo.

Nazitaka funguo hizo kuliko kitu chochote duniani. Miaka tisa nahesabu misumari stoo, chini ya msimamizi anayeniita "wewe". Kinyozi humwinamisha hata meneja, na meneja ananyamaza kimya.

Sijawahi kumnyoa mtu mwingine. Hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Kabatini mwa mke wangu kuna kopo la chai, na ndani yake burashi ya kunyolea ya mzee, aliyoachiwa na kinyozi aliyemfundisha kazi. Alimpa mke wangu amtunzie. Mpini ni wa pembe, umefubaa. Kishungi cha nywele kimegandana kwa sabuni ya zamani, kigumu kama ukoko wa sufuria. Nitaifufua! Jumapili mzee ataisikia shavuni, machozi yatamlengalenga, na Asali atarudi kwake mikono mitupu.

Mke wangu kanifuma na kopo. Nikasema nafuta vumbi. Akasema burashi ile inataka maji ya uvuguvugu na siki kidogo, nusu saa, basi, na kwamba muda wangu ningeutumia kujifunza kushika wembe. Wivu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Uvuguvugu ni wa watu wenye mwaka mzima. Mimi nina siku nne. Nimeichemsha. Dakika ishirini, vijiko vitatu vya sabuni ya unga, sufuria nikaifunika.

Jirani yetu, fundi rangi, alipiga hodi kuuliza kama kuna mtu anaunguza kucha. Kufunua: mpini huku, kishungi kule, nywele zinaelea kila upande. Gundi ya zamani imeyeyuka yote. Kumbe walikuwa wanaunga ovyo ovyo siku hizo!

Sufuria ilikuwa ile nzuri ya mke wangu. Aliyoyasema siyaandiki.

Alhamisi, 6 Machi

Nywele nilizookoa: kumi na saba.

Sikukata tamaa. Nimekwenda kwa fundi rangi kuazima burashi yake pana, nikamwambia nataka kupaka geti. Amefurahi, akasema Jumamosi atakuja kunisaidia. Hatuna geti. Hilo nitalitafutia jawabu siku yenyewe.

Macho ya mzee hayaoni vizuri. Nywele ni nywele.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezikata nywele za burashi ya rangi na kuzifunga kwa uzi. Kishungi kipya kimesimama vizuri sana, kimeinamia upande mmoja tu. Mpini nimeupiga msasa mpaka ukameremeta. Kulikuwa na uchafu mkaidi sana, mikwaruzo kama herufi mbili. Imetoka yote! Mke wangu akaja, akatazama, akaniuliza herufi za yule mwalimu wa baba yake ziko wapi. Nikamwambia zilikuwa zimeshazeeka.

Asali amepita kusalimia. Anafanya mazoezi, anapaka sabuni kwenye puto na kulinyoa. Amepasua kumi na moja. Nilicheka mpaka nikakohoa. Akauliza mimi nimefanya mazoezi gani. Nikamjibu mwenye kifaa hana haja ya mazoezi.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi rangi amekuja na ngazi. Amelitafuta geti kwa utulivu, mbele na nyuma ya nyumba. Kisha akaomba burashi yake. Nikampa mpini wake mtupu. Hatusemezani.

Jumapili, 9 Machi

Msiba!

Asubuhi kishungi kilichomoka. Nikachukua gundi ya haraka, ile ya kichupa kidogo, nikamimina yote ili iwe imara. Ikafurika. Na kabla sijaweka chini, mzee akabisha hodi, saa nzima kabla ya wakati. Kutaka kuiachia burashi, haiachiki. Vidole vinne na kiganja, vimeshika kama vimezaliwa pale!

Asali akaanza na shavu lake. Povu zuri, sikatai. Lakini akaanza kumsifu mzee: busara yake, subira yake, umbo la masikio yake. Akasifu mpaka povu likakauka. Kisha akakwangua vivyo hivyo. Machozi yakamtoka mzee, nami nikafurahi kwa moyo wote.

Zamu yangu. Nikatangaza kwamba hii ndiyo burashi ya mwalimu wake, nimeifufua kwa mikono yangu. Uso wa mzee ukabadilika. Akanyoosha mkono, akasema nimpe aishike. Nikasema baadaye. Akaishika mwenyewe, akavuta. Nikaja nayo, nusura nimkalie mapajani.

Ikabidi nipake. Nywele zikaanza kutoka na kunasa kwenye povu, nyeusi, ndefu, zenye mabaki ya rangi ya kijani. Nilipomaliza, mzee alikuwa na ndevu nyingi kuliko alizokuja nazo. Wembe nilipaswa kuushika kwa mkono wa kushoto. Mke wangu akaninyang'anya.

Akanawa, akapaka sabuni kwa vidole vyake tu, akamnyoa baba yake mashavu yote mawili na kidevu kabla Asali hajapata neno la sifa. Mzee akajipapasa uso mzima. Akasema alikuwa anatafuta mkwe, kumbe alimzaa kinyozi. Funguo akampa yeye!

Kisha mke wangu akanibandua kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mzee akaupokea mpini, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na herufi, mara mbili. Akautia mfukoni.

Nilijisikia vibaya sana. Kama dakika kumi.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari. Kosa lilikuwa la gundi. Burashi yenyewe ilikuwa kazi safi.

Tena nimeshinda, ukitazama vizuri. Funguo zimeingia nyumbani kwangu, si kwa Asali. Mke wangu anafungua leo, na mteja wa kwanza ni mzee mwenyewe. Mimi nimeomba ruhusa stoo nije kusaidia. Mke wangu kanipa fagio, na amri moja: nisiguse kitu. Kisha akaenda kununua nyembe.

Sasa, kile kiti cha chuma cha saluni kinalia kila kikizungushwa. Mteja gani atavumilia? Nimekifungua chote, nimekipaka mafuta, nimekifunga tena kabla hajarudi. Hakilii hata kidogo! Skurubu zilikuwa ishirini na moja, nimerudisha kumi na nane. Hizo tatu naona hazikuwa na kazi.

Mzee ameshafika. Nimemkaribisha akae.