Kufuli Nililoling'oa

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa bosi anatangaza mkuu wa kitengo cha kiini cha mfumo wetu wa kompyuta. Ni mimi. Nani mwingine? Mwezi uliopita niliondoa kufuli moja ndani ya kiini, lile linalozilazimisha kazi mbili zipokezane kugusa orodha ya vifaa. Kasi ikapanda asilimia tatu! Bosi akanipa mkono mbele ya watu. Bi Koma, mkaguzi wetu wa programu (haachi koma ipite bila kuihoji), akauliza nimejaribia wapi. Kwenye kompyuta yangu, nikamjibu. Siku nne mfululizo, haikukohoa. Wivu tu, maskini.

Jioni mke wangu karudi amenuna. Yeye ni mtu wa maabara. Mashine ya kupimia damu imeganda mara tatu, wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Akataka kujua ni bwege gani aliyeandika programu ile. Nikampa pole. Mashine ile inatumia mfumo wetu. Nimeosha vyombo bila kuombwa.

Jumanne, 4 Machi

Malalamiko kumi na moja, yote ya kuganda. Nimejaribu tena kutwa nzima kwenye kompyuta yangu. Inateleza tu! Bi Koma kapita, kainama chini ya meza, kasoma kibandiko. Akasema, kwa upole unaoudhi, kwamba kikompyuta changu kina prosesa moja, yaani ubongo mmoja, kwa hiyo kazi mbili haziwezi kugongana humo hata zikipanga miadi. Mashine za maabara zina nne. Akaongeza kwamba anayeishi peke yake hata komeo la bafuni halimhusu. Nilijua! Nilisahau tu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Kufuli lirudi, ila kimyakimya. Kwetu anayetengua badiliko huandika jina la aliyelileta na sababu, kisha Alhamisi husimama kikaoni akayasoma kwa sauti. Mimi? Wiki ya cheo? Thubutu! Nimelificha kufuli katikati ya mistari mia sita ya kupanga nafasi na kunyoosha maelezo. Nikaiita kazi hiyo "Usafi mdogo."

Saa nane mchana imerudishwa. Bi Koma kaandika: badiliko moja, sababu moja, mstari wa 412 si usafi. Na koma inakosekana mstari wa 9. Huyu mama!

Nyumbani, mke wangu kasema leo amemrudisha mzee mmoja bila majibu, mara ya pili wiki hii. Mzee wa mkongojo. Hakulalamika, kashukuru na kuondoka. Nimejisikia vibaya, kusema kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesimama. Nimesoma. Natengua badiliko langu mwenyewe. Lilisababisha mashine kuganda. Sikulijaribia mahali panapofaa. Bi Koma akasema koma zote zipo.

Ijumaa, 7 Machi

Toleo lenye kufuli limesambazwa asubuhi. Hakuna mashine iliyoganda. Mkuu mpya: Bi Koma. Nimempongeza, meno yote nje, roho inaniuma.

Nimemwambia mke wangu ukweli, kwamba bwege ni mimi. Akasema alijua tangu Jumatatu, aliponiona nimeshika sufuria na sabuni. Yule mzee amepata majibu yake, na ni mazuri. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 10 Machi

Amani tupu. Mkuu wangu mpya ameniletea kompyuta ya prosesa nane, ya majaribio. Ipo mezani, ndani ya boksi. Nyaya nyingi mno, nitaifungua nikipata nafasi.

Wakati huohuo nimegundua kufuli jingine, la foleni ya diski. Limekaa tu pale linachelewesha watu. Asilimia tano, nakadiria! Nimeling'oa, nikajaribu kwenye kompyuta yangu ya zamani tangu asubuhi. Haijakohoa hata kidogo.