Hotuba ya Kuzindua Rada Yenye Akili Mnemba, Mwalo wa Nyabusalu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, Mheshimiwa Katibu wa Kamati ya Kumsubiri Mwenyekiti, Baba Paroko na Mchungaji, ambao leo mmekubali hema moja, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), wadau wa anga kutoka Igoma na Misungwi, akina mama waanika dagaa wa mwalo huu wa wavuvi, mliokaa juani kwa sababu za kiitifaki, na kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi.)

Mimi Rwehumbiza, Mratibu Mwandamizi wa Uratibu wa Michakato ya Anga, nimesimama hapa, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana mkoa mzima, kuwaambia kwamba dunia imebadilika! Huko kwa wenzetu, akili mnemba inamnong'oneza fundi kwamba chuma fulani ndani ya injini kitachoka kabla hakijachoka, inampangia rubani njia ya kukwepa wingu, inaokoa mafuta, inapanga foleni ya kuruka bila mtu kugombana na mtu. Sisi Nyabusalu tubaki nyuma? (Hapanaaa!) Hata mimi nilikataa, na ndiyo maana Jumatatu nilipiga marufuku kuanika dagaa kwenye mchanga huu, kwa sababu dagaa huita korongo, na korongo akiingia kwenye injini ya ndege, ndugu zangu, data inaharibika.

(Mama Evelina, mwanika dagaa, anasimama na ndoo: “Mheshimiwa, shikamoo. Hawa ni wa leo alfajiri na ndio mtaji wangu wote. Jua likizama hawajakauka, wameoza. Tuanike wapi?”)

Marahaba mama. Swali zuri sana, tutalichakata. (Kicheko.) Sasa tazameni ile nguzo, na ule mtandao wa kisasa uliotandazwa juu yake. Ile ndiyo rada! Kwa mujibu wa fizibiliti stadi niliyoifanya mwenyewe nikiwa nimetulia kabisa, asilimia mia moja na kumi na mbili ya ndege zitakazotua hapa zitatua salama, watalii watafungua kinywa kwa sangara, na Mwanza yote itauliza, huyu Rwehumbiza alizaliwa lini! (Vigelegele, hafifu.)

(Mama Evelina, akiinusa ndoo: “Wananuka, Mheshimiwa.”)

Mama, hiyo ni harufu ya maendeleo. Akili mnemba hoyee! (Hoyee!) Anga ya kidijitali hoyee! (Hoye.) Korongo? (Zii!)

Nisije nikaonekana sina shukrani. Namshukuru Pius, fundi wa mageti, aliyetuazima nguzo. Namshukuru zaidi Mama Evelina, maana wavu wake wa kuanikia, tulioukamata Jumatatu kwa usalama wa anga, ndio huo tulioutundika pale juu ukapendeza. Mitambo yenyewe haijaagizwa, ndege hakuna aliyetuahidi, na maombi bado hatujayapeleka popote, ila nia, jamani, nia tunayo!

(Mama Evelina anaiendea nguzo, anaishusha rada, anaikung'uta, anaitandaza mchangani na kumwaga dagaa. Wenzake wanainuka na ndoo zao.)

Mama, tafadhali, mpiga picha hajafika! Jamani, msinimwagie viatuni! Sasa mimi nisimame wapi?

(“Swali zuri sana, Mheshimiwa,” anajibu Mama Evelina, ameinama anasambaza dagaa. “Tutalichakata.”)