Mwami Anakufa kwa Machozi ya Kuazima

Siku ya kwanza (jumatatu), 9 juni

Nadège wa Beni ameandika mu groupe yetu ya WhatsApp, ile ya batu ba théâtre ya Butembo na Beni. Mwisho wa mwezi kutakuwa rencontre, mukutano ya matroupe, kule kwake. Butembo imebakia na nafasi moja. Moja! Mwenye anaitaka atume video: muchezo uonekane, na public, benye kuangalia, ionekane. Bila public, hapana.

Muchezo tuko nao. "Mwami Anakufa Mara Tatu." Nimeutunga miye. Mwami ni miye. Précieuse ni malkia. Omer ni raia. Raia yote.

Public njo hatuna. Répétition, mazoezi yetu, tunafanyia nyuma ya nyumba ya tantine Jeannine, hapa Rughenda. Banakuja kuku zake na mbuzi moja. Mbuzi iliondoka kwa kifo cha pili.

Manassé, ule wa troupe ingine, amesha kujibu Nadège na kidole juu. Haraka vile! Yeye iko na public ya kweli, juu baba mudogo yake ni katekista na anatuma batu baende kumuangalia. Ile haiko talent. Ni famille.

Mais miye niko na akili. Masomo niliachia secondaire ya pili. Akili haikuachia pale.

Siku ya tatu, 11 juni

Nimepata!

Tantine Jeannine alinituma kupeleka kuni na ndizi kwa kilio, kwa mama Kavugho, kule chini. Mama yake, mukongwe kabisa, amezikwa leo. Nafika: bâche kubwa ya kukinga jua, viti, batu mingi sana, na bote banalia. Banalia muzuri! Kuko mama moja pa mbele: anajipiga kifua, anaanguka, banamuinua, anaanguka tena. Précieuse hawezi ile, ata umubembeleze mwaka muzima.

Nikatosha téléphone. Kwa kilio kila mutu anafilmer, hakuna mwenye aliniangalia. Nikalia kidogo pia. Heshima ni heshima.

Nyumbani nikabandika ile kilio ndani ya video ya muchezo wetu. Miye naanguka, clac! Batu banalia. Naanguka tena, clac! Banalia zaidi. Omer aliangalia akashika kichwa. Ati ndugu yangu, hii ni zambi. Nikamujibu hii ni montage. Précieuse hajaona. Précieuse anaulizaka maswali mingi.

Nimetuma.

Siku ya ine, 12 juni

Utukufu! Groupe imewaka moto. Maître hapa, maître pale. Nadège mwenyewe ameandika hajaona public ya Butembo inalia vile tangu azaliwe. Mutu wa Oicha anauliza kama nafundishaka. Nikajibu nafundisha, mais bale tu benye biko na kipaji.

Manassé peke yake njo akaleta fujo. "Grand, mbona public yako yote imevaa kitambaa cha namna moja?"

Nikajibu: fan-club.

"Na ule mwenye anabeba musalaba?"

Nikajibu: décor.

Nilimumaliza!

Siku ya tano, 13 juni

Nimekwisha.

Kuko Berthe mu groupe. Anachezaka na bale ba parokia. Haandikaka kitu, ata bonjour. Leo asubui ameandika: "Ule anaanguka pa mbele ni mama yangu. Ile siku tulikuwa tunazika koko yetu, mama yake. Grady, weye ulikuwa unakufa wapi?"

Manassé akaweka ile sura ya kucheka mpaka machozi. Moja tu. Iliniuma kuliko mia.

Nadège hakukawia. Video itoke. Na sisi tutoke kwa rencontre, isipokuwa famille yenyewe imuambie imetusamehe. Donc Beni, bye-bye.

Précieuse akaja mbio kutoka atelier, mètre ya kushonea ingali shingoni. Hakunipiga. Alisema tu kwamba nguo ya mwami ameishona mara tatu kwa ajili yangu, na kwamba tangu akiwa mudogo anangojea siku moja tu asimame mu salle yenye viti, na ile siku nimeitupa kwa machozi ya batu bengine. Akageuka akaenda.

Nililia. Kweli kweli. Hakuna mwenye alinifilmer.

Siku ya posho (jumamosi), 14 juni

Kuomba musamaha hauende peke yako, na hauende mikono mitupu. Tantine Jeannine alitangulia na jogoo, ule mukubwa wa public yetu. Miye nyuma, Précieuse na Omer nyuma yangu ili nisikimbie.

Mama Kavugho, mama ya Berthe, ule mwenyewe wa kuanguka, akakaa, akatuangalia. Nikaanza kumueleza montage. Tantine akanikanyaga muguu.

Mama akaomba video. Akaangalia. Akaangalia tena. Akaita badada zake. Mwisho akasema, polepole: yeye mwenyewe anaanguka muzuri, eh? Mais ule mwami, mama wee! Anaanguka kama gunia ya mihogo. Badada bakakubali.

Halafu hukumu. Machozi yetu umeyachukua, akasema, na machozi hairudishwaka. Utaleta kicheko. Siku ya pili ya juma yenye kuja tunamaliza kilio, mutacheza hapa mbele ya famille. Batu bakicheka, nitamupigia huyo Nadège miye mwenyewe. Basipocheka, jogoo inabakia, na weye mutoto unabakia kuosha masufuria.

Nikamuambia kwa heshima yote kwamba muchezo yetu ni tragédie. Mwami anakufa. Mara tatu. Na hapa ni kwa kilio!

Akasema ile ni shida ya mwami.

Siku ya pili, 17 juni

Précieuse alitaka tugeuze muchezo. Nilikataa. Mutu mukubwa hageuzi kazi yake.

Nikakufa ya kwanza. Hakuna kicheko. Mama Kavugho akaangalia masufuria. Masufuria ya kilio munajua ukubwa yake.

Nikakufa ya pili. Muzee moja akakohoa. Omer, raia yote, akasahau maneno. Nikaanza kusikia arufu ya majivu kwa vidole yangu.

Ya tatu nikalala juu ya benchi, macho nusu. Pale malkia anapashwa kusimama na kusema shairi langu refu. Hakusema. Akaniangalia. Akajipiga kifua. Akaanguka. Omer akamuinua. Akaanguka tena! Vile vile na mama Kavugho, ata kitenge alikishika vile! Na kila mara anaanguka juu ya tumbo yangu. "Mwami wangu," akalia, "ulikuwa unakufa wapi?"

Batu bote bakageuka kwa mama Kavugho. Mama akafunika uso. Mabega inatetemeka. Nikajiambia: analia, batanizika hapa hapa.

Kumbe anacheka! Basi bâche nzima ikalipuka. Muzee wa kukohoa akaanguka na kiti. Berthe anacheka, yeye mwenye hasemaka ata bonjour! Nikafufuka niseme asante. Précieuse akanisukuma chini: kufa, weye! Bakacheka zaidi.

Ile yote nilimufundisha miye.

Mama Kavugho akatushika mikono. Wasingya, asante, akasema. Mama yake alipendaka kucheka. Angelipenda ile ya tumbo. Kisha akatosha téléphone, akamupigia Nadège. Mais jogoo hakuirudisha.

Siku ya tano, 20 juni

Nafasi ya Butembo ni yetu! Mais Nadège ameweka masharti: chef wa troupe ni Précieuse, na video yoyote ya Grady, mu groupe hapana. Nimekubali, juu chef wa kweli anajulikana bila kutajwa. Manassé ameandika félicitations, ati atakuja Beni kutupigia mikono. Wivu mutupu.

Siku ya posho, 28 juni, Beni

Tumecheza! Salle yenye viti! Imejaa mpaka kwa madirisha. Nadège alicheka mpaka lunettes ya macho ikaanguka. Manassé akasimama kupiga mikono, na sikumuomba. Nilikufa mara tatu. Bakaomba ya ine. Nikabapa.

Précieuse alibakia peke yake mu scène bote bakiisha kutoka, anahesabu viti na macho. Nilimuacha.

Halafu nikatafuta video. Hakuna! Omer alikuwa raia. Précieuse alikuwa juu ya tumbo yangu. Téléphone ilikuwa ndani ya nguo ya mwami, inafilmer giza. Siku moja tu napata public ya kweli, na sina ata picha!

Précieuse anasema haizuru. Groupe yote ilikuwa mu salle, imeona na macho yake. Sasa nataka kuonyesha nani? Ule dada anajua kuanguka, mais mambo ya internet hajui.

Hapa pembeni ndoa inatoka kanisani. Batu mingi, vigelegele, mikono juu. Bibi arusi analia na kucheka pamoja. Kazi safi kabisa! Nimejificha nyuma ya maua, téléphone iko tayari. Na safari hii nimekuwa mwerevu: nimeangalia kwanza kama habakuvaa kitambaa kimoja.

Bamevaa mbili. Upande wa bwana, upande wa bibi.

Nitasema ni fan-club mbili.